Vifaa vya kununua kwa mafumbo mtambuka magumu ya namba, kwa mpangilio wa umuhimu

Mara nyingi anayekwama kwenye fumbo mtambuka la namba, yaani gridi inayojazwa tarakimu kwa vidokezo vya hesabu vya mlalo na wima, si kwamba hajui kuzidisha. Amekwama kwa sababu namba zinazowezekana amezishika kichwani badala ya kuziandika. Ndiyo maana hapa kikokotozi hakikupata nafasi ya kwanza.

1. Penseli ya kubofya, raba, karatasi ya miraba

Chukua ncha ya milimita 0.5, ugumu wa HB. Ncha ya 0.7 ni nene mno kwa tarakimu nne au tano ndogo ndani ya kisanduku kimoja. 2H, iliyo ngumu zaidi, nayo huchimba karatasi, na ukifuta mfereji unabaki. Raba iwe ya plastiki, ya peke yake. Ile ya nyuma ya penseli hupaka zaidi ya kufuta. Karatasi ya miraba ya milimita 5 inafaa: unganisha miraba minne upate kisanduku cha milimita 10. Nakili gridi huko na uiache ya kitabuni ikiwa safi, maana fumbo gumu hukulazimisha kujaribu dhana moja mpaka igonge ukuta, kisha urudi ulikotoka. Kwa wino huwezi kurudi.

Karatasi inayobaki ni ya orodha, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Namba mraba za tarakimu tatu ni 22, kuanzia 100 hadi 961. Vipeo vya tatu vya tarakimu tatu ni vitano tu: 125, 216, 343, 512, 729. Namba tasa za tarakimu mbili ni 21. Sasa kidokezo kikitaka namba mraba ya tarakimu tatu, na kisanduku cha mwisho tayari kina 6, zile 22 zinashuka hadi nne: 196, 256, 576 na 676. Tazama tarakimu za katikati: 9, 5, 7, 7. Zote witiri, na si bahati. Namba mraba yoyote inayoishia na 6 huwa na makumi witiri. Kwa hiyo jibu linalopita wima hapo katikati limepunguzwa kabla hujajua lipi kati ya manne ni sahihi. Kumbuka pia kwamba hakuna namba mraba inayoishia na 2, 3, 7 au 8.

2. Kitabu cha mafumbo

Kabla ya kulipa, fungua kurasa za majibu. Kama ni gridi zilizojazwa tu bila hatua, ukikwama hakitakufundisha kitu. Karatasi inayong'aa haishiki penseli. Kitabu kilichofungwa kwa waya ni bora kwa sababu hulala wazi. Kwa kakuro, fumbo ambalo kila kidokezo ni jumla ya tarakimu za mstari wake, kuna kipimo cha haraka cha makosa ya uchapaji: jumlisha vidokezo vyote vya mlalo, kisha vyote vya wima. Jumla hizo lazima zilingane, kwa kuwa kila kisanduku kinahesabiwa mara moja kila upande. Zisipolingana, fumbo limeharibika, na utapoteza jioni nzima ukijilaumu bure.

3. Kikokotozi cha sayansi chenye kitufe cha FACT

Casio fx-991ES PLUS ni mfano mzuri: andika namba, bonyeza =, kisha SHIFT na FACT, nayo inavunjwa kuwa namba tasa. Kidokezo kinachotaka namba mbili za tarakimu mbili ambazo zao lao ni 2146 kinakwisha hapo: 2 × 29 × 37, yaani 29 × 74 au 37 × 58, basi. Kasoro yake ni skrini ya tarakimu 10. 2 kwa kipeo cha 33 inaonekana yote, 8589934592. Ukienda 40 unapata namba iliyokadiriwa, na tarakimu za mwisho, ambazo ndizo gridi inazitaka, hazipo.

4. Lahajedwali

Ukiwa na kompyuta, LibreOffice Calc ni ya bure, hivyo huenda usinunue chochote. Ni nzuri hasa kwa orodha ndefu, kama namba tasa za tarakimu nne, ambazo ni 1061. Mtego mmoja: fomula ya MID ikichomoa tarakimu huirudisha kama maandishi, kwa hiyo 7 iliyochomolewa hailingani na 7 uliyoiandika. Izungushie VALUE.

5. Programu za simu

Mwisho kabisa. Nyingi huwasha rangi nyekundu papo hapo ukikosea, na hapo fumbo limegeuka kubahatisha. Ukitaka kununua, hakikisha onyo hilo linazimika, kisanduku kinapokea alama ndogo za tarakimu zote zinazowezekana, na unaweza kurudi nyuma hatua nyingi, si moja.