Ubongo wa mbele na talamasi: kuchochea au kubana?

Asubuhi Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, dagaa wanamwagwa, wabeba mizigo wanapiga kelele "pisha pisha", spika ya matangazo iko juu, na bado unamsikia mama anayekutajia bei ya sado. Hapo ubongo wa mbele, ule wa nyuma ya paji la uso, unaiongoza talamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha ishara za macho na masikio, na njia ziko mbili.

Ya kwanza ni ya moja kwa moja, nyuroni (seli za neva) za mbele zinamwaga glutameti, kemikali ya kuchochea, kwenye talamasi, talamasi inarudisha ishara mbele, zinapokezana hivyo hivyo, ndo unabaki na bei kichwani mpaka unafika Buzuruga.

Ya pili ndo mimi naikubali zaidi aisee. Talamasi imezungukwa na ganda jembamba la nyuroni za GABA, kemikali ya kubana, kazi yake kuzima tu, na mwanasayansi Francis Crick mwaka 1984 alipendekeza kwamba ndo linaongoza tochi ya umakini. Majaribio ya panya ya 2015 yakaonyesha panya akitakiwa kufuata sauti, ubongo wa mbele unapitia ganda hilo kuzibana nyuroni za talamasi zinazopokea mwanga. Kwa makelele ya Mwaloni nadhani hii ndo inayokuokoa, maana kuongeza sauti ya mama bila kupunguza ile spika haitoshi.