Uzoefu wangu: MegaSquirt 3 kwenye Chaser ya 1JZ hapa Lubumbashi

Swali ninaloulizwa kila nikifungua boneti ni moja: hii MegaSquirt, kompyuta ya injini ya kufunga mwenyewe badala ya ile ya kiwandani, inafaa? Inafaa. Ila kama gari yako ni ya zamani, ina turbo, na kompyuta yake ya kiwandani bado nzima, iache ilivyo na pesa yako peleka kwenye tairi na breki. Mimi nilibadilisha kwa sababu ya kwangu ilikuwa imekufa.

Gari ni Toyota Chaser Tourer V ya 1994, yaani JZX90, yenye injini ya 1JZ-GTE: lita 2.5, silinda sita, turbo mbili, giaboksi ya mkono. Volani iko kuume, kama nyingi zilizotufikia kwa njia ya Dar es Salaam na Kasumbalesa. Ilianza kuzimikazimika ikishapata moto, baadaye ikawa inawaka siku inayotaka yenyewe. Tulipofungua kisanduku cha kompyuta, harufu kama ya samaki ikatupokea kabla hata ya kuona kitu. Kapasita zilikuwa zimevuja na ule umaji wake umekula njia za shaba kwenye bodi. Ni ugonjwa unaojulikana kwa kompyuta za Toyota za umri huo. Ukiwahi, unabadilisha kapasita za bei ndogo na mambo yanaisha. Yangu ilikuwa imevuka hatua hiyo. Kununua nyingine ya mtumba ni kununua kapasita za umri uleule, kwa hiyo sikuona maana.

Nikachagua MegaSquirt 3 pamoja na bodi yake ya nyongeza, MS3X. MegaSquirt ilianzishwa Marekani na Bruce Bowling na Al Grippo, na sifa yake kubwa kwangu ni kwamba maelezo yake yako wazi: michoro ya waya, maana ya kila mpangilio, kila kitu unasoma mwenyewe. Kwa mtu anayeishi mbali na muuzaji, hiyo ina thamani kuliko kisanduku kinachong'aa. Bodi ya MS3X inakupa njia nane za injekta na nane za cheche, hivyo 1JZ inapata sita kwa sita, kila silinda na zamu yake. Na injini hii kiwandani ilipima hewa kwa presha ya ndani ya manifoldi, haikuwa na kipima mtiririko kwenye bomba la kuingizia. MegaSquirt inafanya kazi kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo huna cha kubomoa.

Wenye otomatiki wasimame hapa kidogo. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile kompyuta ya injini ndiyo pia iliyoamuru giaboksi. Ukiing'oa, lazima ujue nani atabadilisha gia.

Waya sasa. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ningetoa nyota zangu zote au kunyima zote. Sikuruhusu mtu akate waya za gari. Tulichukua kompyuta iliyokufa, tukang'oa soketi yake kwenye bodi, tukalehemu waya mpya nyuma ya soketi hiyo hadi MegaSquirt. Plagi ya asili inaingia kama zamani, na siku nikitaka kurudi nyuma narudi. Waya za masi, zile za hasi, zote zimekwenda sehemu moja kwenye injini yenyewe, si kwenye bati la gari. Ukizitawanya huku na huku, sensa zitakudanganya kila feni inapowaka.

Mekanisia wangu ni mzee wa mtaa wa Kamalondo hapa mjini, aliyekulia kwenye kabureta. Mwanzoni alikuwa ananitazama tu na laptopu yangu. Siku ya kwanza ya kuzungusha stata, injini ilipiga chafya, ikarusha moto kidogo nyuma, ikanyamaza. Akasema, "Mtoto wangu, hiyo mashine yako inajua kusoma, lakini inasoma kitabu kingine." Alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Shida ilikuwa kwenye sensa ya kamshafti, ile shafti inayofungua vali. Kwenye 1JZ hii kuna gurudumu la meno 24 linalozunguka na kamshafti, na sensa yake ni koili na sumaku tu: inatoa wimbi la umeme linalopanda na kushuka. Kompyuta inahesabu pale wimbi linapokatiza sifuri. Waya mbili zikigeuzwa, inakatiza upande usio wake, na taimingi, yaani wakati wa kupiga cheche, inahama kadiri mizunguko inavyoongezeka. Garaji moja iliyowahi kushika gari hii kabla yangu ilikuwa imeunga waya hizo kwa utepe, ikazigeuza, na wavu wa kuzikinga ikautupa. Tuliweka waya mpya zenye wavu, wavu tukauunga masi upande mmoja tu, kisha tukarekebisha skrubu mbili ndogo kwenye bodi, R52 na R56, mpaka alama ya kupoteza mpigo ikaacha kuonekana kwenye TunerStudio, programu ya laptopu ya kupangia MegaSquirt.

Kipimo chake ni hiki, na usimwamini fundi anayekiruka. Kwenye programu unaifunga taimingi kwenye digrii 10. Unaelekeza taa ya taimingi kwenye puli ya krenki. Alama ikae kwenye 10. Halafu mwenzako akanyage taratibu hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, na wewe macho kwenye alama. Isiposogea, una injini. Ikitembea hata kidogo, funga laptopu urudi kwenye waya. Mzee alipoona alama imeganda pale huku injini inanguruma, ndipo alipovuta kiti chake karibu na laptopu.

Koili nazo zinahitaji adabu. Kuna mpangilio wa upande wa ishara ya cheche. Ukiuweka kinyume, koili zinachajiwa muda wote na zitaungua, au igniter, kile kisanduku kinachoziamuru koili, itaungua kabla yao. Thibitisha kabla ya kuunga plagi yake. Na mpangilio wa kuwasha ni 1-5-3-6-2-4. Unapopima kila njia ya cheche moja moja, uwe na orodha hiyo mkononi.

Sasa jambo ambalo sikulikuta limeandikwa vizuri popote kwa Kiswahili: urefu wa mji wetu. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Ukiwasha swichi bila kuwasha injini, kipima presha cha MegaSquirt kinasoma kama kPa 88, si 101 ya pwani. Wengi wakiona hivyo wanadhani sensa ni mbovu. Si mbovu, ni hewa yetu. Hata maji ya kuchemka unayotumia kusawazisha sensa ya joto yanachemka kama nyuzi 96, kwa hiyo ukiandika 100 umeshaidanganya kompyuta kabla ya kuanza.

Kwenye turbo ndipo hesabu inapouma. Boost ya kiwandani, yaani presha ambayo turbo inaongeza juu ya hewa ya nje, ni kama bar 0.7, sawa na kPa 70. Dar es Salaam, 101 na 70 ni kPa 171 ndani ya manifoldi. Hapa, 88 na 70 ni 158. Mtu anachukua ramani (majedwali ya mafuta na cheche) ya gari ya pwani, anaona mwenzake anafika 171, naye anaongeza boost mpaka afike hapo. Lakini kutoka 88 hadi 171 turbo inabidi ibane hewa karibu mara 1.94, wakati ya pwani inabana mara 1.69 tu. Turbo inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka moto zaidi, kwa mafuta yasiyoongezeka ubora hata chembe. Na turbo za 1JZ hii, CT12A, zina magurudumu ya kauri upande wa moshi. Kauri haipindi, inapasuka. Mimi nimekaa kwenye 0.7, na nimeweka kompyuta ikate mafuta presha ikipita 170. Anayeniambia gari yangu ni ya kizee namwacha apite.

Kutyuni kwenyewe kulikwenda vizuri kuliko waya. Dyno, mashine ya kupimia nguvu ya gari, sikutumia. Niliweka sensa ya oksijeni ya aina pana, Bosch LSU 4.9, baada ya turbo, imechomekwa kutokea upande wa juu wa bomba ili maji ya moshi yasiitulie ndani. TunerStudio ya kulipia ina kazi ya kusoma sensa hiyo na kusahihisha jedwali la mafuta ukiwa unaendesha. Lipia, usihangaike. Mwenzako ashike laptopu, wewe shika volani. Barabara ya Likasi alfajiri, kabla malori ya shaba na asidi hayajajaa, inatosha sana: mwendo wa kawaida niliuweka karibu na 14.7 kwa 1, hewa kwa mafuta, na turbo ikisukuma kati ya 11.5 na 11.8. Seli, yaani visanduku vya jedwali, ambazo gari haifiki, usiziguse kwa kubahatisha. Zilainishe zifuate jirani zake.

Cheche sikuiachia programu. Mzee alichukua bomba la shaba, akaligonga ncha likawa bapa, akalifunga kwa bolti kwenye bloku, akaunga mpira hadi kwenye vile vifuniko vya masikio wanavyovaa watu wa migodini. Shaba Katanga haikosekani. Alikaa kiti cha abiria akisikiliza, mkono juu, na kila aliposikia kama kokoto ndogo zinagonga bati, yaani mafuta yanalipuka vibaya ndani ya silinda, mkono unashuka, nami naondoa mguu. Kwenye seli hiyo tulipunguza digrii mbili za cheche na kurudia. Esanse yetu haifanani wiki hadi wiki, kwa hiyo tulibakiza nafasi ya usalama. Nguvu iliyopotea siisikii hata kidogo barabarani.

Kilichochukua muda mrefu kuliko vyote ni kuwaka asubuhi. Mwezi wa sita na wa saba hapa baridi si mchezo, na injini inakuwa baridi kabisa mara moja tu kwa siku. Unabadilisha namba, unawasha, ikikataa unasubiri kesho. Hakuna njia ya mkato, na asiye na subira atabaki na gari inayowaka vizuri saa sita mchana tu. Ralanti, mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, nayo inashuka kidogo kiyoyozi kikiingia. Nimeiongezea digrii za cheche kidogo pale, inatosha.

Gari sasa inawaka kwa mguso mmoja na haijazimika njiani tangu tumalize. Kwenye mwendo wa kawaida inakunywa kidogo kuliko zamani, ingawa ya zamani ilikuwa mgonjwa, hivyo ulinganisho huo msiuchukulie kwa uzito. Mwenye 1JZ hapa, Likasi au Kolwezi nitampa faili langu aanzie nalo. Taimingi apime mwenyewe kwanza kwa taa, na 170 yangu ya kukata mafuta asiiondoe mpaka awe na turbo zenye gurudumu la chuma.