Uzoefu wangu: matairi ya kashata kwa Hilux ya mizigo, Tanga hadi Amani

Nina Toyota Hilux ya kabini moja, ya dizeli, foo wili. Msimu wa machungwa inashusha mzigo kutoka mashamba ya Muheza. Msimu ukiisha inabeba chochote kinacholipa, iliki na mdalasini za Amani, ndizi, mbao, na ikitoka Tanga mjini inapanda na saruji. Anayeiendesha ni mtoto wa dada yangu. Anayelipia matairi ni mimi, kwa hiyo na uchaguzi ukawa wangu, ingawa kila duka nililoingia muuzaji alimgeukia yeye kwanza.

Ukiulizia matairi ya pikapu Tanga utaambiwa jambo moja: "Hili lina kashata." Basi, biashara imekwisha. Kashata, yaani yale manundu ya raba yaliyochomoza usoni mwa tairi, zinaonekana, unazishika, unaingiza kidole kwenye mfereji na kuridhika. Mimi nimefika mahali nasema kwa gari la mzigo kashata zije baadaye. Kwanza soma ubavu.

Sababu ni matairi niliyoyakuta kwenye gari nilipolinunua. Kwa mbele yalivutia: kashata nene, mifereji mipana, hayajaliwa hata nusu. Mawili yakapasuka kwa nyakati tofauti, yote ubavuni, yote gari likiwa na mzigo, kwenye kile kipande cha juu ya Sigi ambako barabara inaanza kujikunja kupanda Amani na mawe yamechomoza kwenye udongo mwekundu. Fundi wa pancha pale Muheza alipolivua la pili, alilipanua mdomo kwa mikono miwili, akaliinamisha kwenye jua, akaniita nitazame ndani. Nyuzi za ubavu zilikuwa zimekatika kwa mstari uliopinda, urefu wa kiganja, na raba ya mahali hapo ukiibonyeza kwa kidole gumba inaingia. Akahamia upande wa kashata, akabonyeza. Haikuingia hata kidogo. "Mama, hili ni tairi la gari dogo, wamelivisha koti la lori," akasema. Kisha akafuta vumbi kwa kitambaa na kunionyesha namba.

Namba zilikuwa 225/75R16, na mbele yake 104. Zile za mwanzo wengi tunazijua: 225 ni upana kwa milimita, 75 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 16 ni ringi kwa inchi. Ni hiyo 104 inayorukwa. Ndiyo namba ya uzito, na 104 maana yake ni kilo 900 kwa tairi moja. Sasa kipimo kile kile kabisa, 225/75R16, kinatengenezwa pia kikiwa na herufi LT mwanzoni, yaani tairi la gari dogo la mizigo, na hilo linaandikwa 115/112. Hapo 115 ni kilo 1,215 tairi likiwa peke yake upande mmoja, na 112 ni kilo 1,120 likifungwa mawili pamoja kama kwenye lori. Tofauti ni kilo 315 kwa kila gurudumu, na ukiyasimamisha dukani bega kwa bega, ringi moja, kimo kimoja, macho hayatakuambia kitu.

Kuna atakayepiga hesabu kwamba 900 mara mbili ni 1,800, na ekseli ya nyuma ya Hilux haifiki huko. Kwenye lami tambarare, sawa. Lakini gari likiinama kwenye kona ya mlimani na magunia yakalalia upande mmoja, halafu gurudumu la upande huo likashukia jiwe, lile tairi moja linabeba zaidi ya fungu lake kwa mbali, na linabeba kwa kupigwa. Tena tairi la LT halina tofauti ya namba tu: ubavu wake umefumwa kwa nyuzi nzito zaidi na raba yake ni nene.

Pia utasikia "hili ni plai kumi". Ile 10PR iliyoandikwa ubavuni haimaanishi mna tabaka kumi humo ndani. Ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu enzi za nyuzi za pamba. Siku hizi tairi la 10PR mara nyingi ubavu wake una tabaka mbili au tatu za poliesta. Kwa hiyo 10PR ni dalili nzuri, ila muuzaji akianza kukuhesabia tabaka kwa vidole, mwache amalize uendelee na safari.

Nikazunguka maduka ya Ngamiani. Mengi yalikuwa na 205R16C, kipimo ambacho pikapu nyingi za zamani zilikuja nacho: jembamba, 8PR, namba ya uzito 110/108, yaani kilo 1,060. Tairi la heshima kabisa, bei nafuu, na ukipata shida Korogwe au Handeni hutalikosa. Shida yake kwangu ni kwamba niliyoyaona yote yalikuwa ya mistari ya lami. Niliposema nataka ya kupanda Amani, nikaletewa ya tope kabisa, yale ya M/T yenye vipande vikubwa vilivyoachana, ambayo vijana wanayapenda kwa sura. Hayo nikayakataa. Robo tatu ya mafuta yangu inaungua kwenye lami, na tairi la M/T kwenye lami iliyolowa lina raba kidogo mno inayogusa chini. Breki zake mvua ikinyesha ni za kuombea dua. Ya katikati ndiyo A/T, ya njia zote, na huko ndiko nilikokuwa naelekea.

Duka moja, silitaji, lilikuwa limetoka kushusha mzigo mpya wa A/T za bei ya chini. Matairi yalikuwa yamepachikwa, moja limeshindiliwa ndani ya jingine, na ndani yake tena jingine, ndivyo kontena linavyobeba mengi zaidi. Lile la ndani lilipochomolewa, mdomo wake ulikuwa yai, si duara; ule waya unaokaa kwenye ringi ulikuwa na kikunjo unachokihisi ukipitisha kidole. Nikauliza. "Likila upepo litanyooka lenyewe, mama." Huenda raba ikanyooka. Waya uliokunjika ndio unaoshikilia tairi kwenye ringi, na mimi sikuwa tayari kuujaribu na tani ya machungwa kwenye mteremko. Mtoto wa dada yangu akanishika mkono, akasema, "Mama mdogo, tuondoke kabla hujamfundisha mtu kazi yake."

Tulipotoka hapo kwingine tukaonyeshwa alama ndogo ubavuni, mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji katikati. Muuzaji akasema hiyo ndiyo inayothibitisha kuwa tairi ni la milimani, linafaa Amani na Lushoto. Alama hiyo inaeleza kwamba tairi limefaulu jaribio la kushika kwenye theluji. Milima ya Usambara bado inaisubiri theluji hiyo.

Mwisho nikabaki na majina mawili, yote kwa LT225/75R16. La kwanza BFGoodrich All-Terrain KO2, ambalo karibu kila mwongoza watalii analisifu kwa ubavu mgumu. La pili Yokohama Geolandar A/T G015, la Kijapani, kashata zake zimekaribiana zaidi, na hilo ndilo nililochukua, kwa sababu ya lami tena, na kwa sababu bei ilikuwa chini kidogo. Kipimo hiki kinakaa kwenye ringi ya upana wa inchi 6 bila kulazimisha, na kimo chake kinapishana na 205R16C kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo spidomita haidanganyi na tairi haligusi madigadi.

Tanga sikuyapata. Shemeji yangu aliyepo Dar aliyatafuta Kariakoo, akanitumia picha kabla ya kulipa, na niliyoitaka hasa ilikuwa picha ya herufi DOT pamoja na tarakimu nne zinazofuata mwishoni. Hizo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upande mmoja wa tairi huenda zisiwepo, geuza uangalie wa pili. Tairi lililokaa stoo ya mabati kwenye joto la pwani linazeeka bila kutembea, na hakuna anayekupunguzia bei kwa uzee huo. Yakaja kwa basi, tukayapokea stendi ya Kange. Nilichukua matano, spea ikiwemo, maana gari la foo wili likipata tairi moja la kimo tofauti, kila ukiingiza foo wili magurudumu yanavutana na diffu ndiyo inayoumia.

Kufunga kulichukua muda kuliko nilivyodhani, na kisa ni chumvi ya bahari. Ringi zangu ni za chuma. Fundi alipovua matairi ya zamani, pale mdomo unapokalia palikuwa na kutu ya magamba, na ndiyo iliyokuwa inaniibia upepo kila wiki nikidhani nina pancha ndogo. Mafundi wengi dawa yao ni kutia tyubu ndani ya tairi la tyubles. Huyu akasugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, akapaka gundi ya mdomo, akajaza, akamwagia maji ya sabuni kuzunguka ringi yote. Ringi moja ikatoa mapovu madogo karibu na vali. Akaanza upya bila kuambiwa. Kama upo Tanga na ringi zako ni za chuma, lipia kazi hiyo hata kama tairi unalofunga ni la mtumba.

Matokeo. Kwenye mawe ya Sigi kwenda juu, ubavu umechubuka na kuchorwa kila mahali, lakini haujakatika popote, masika yote na mavuno yakapita juu yake. Kwa hilo pekee hela yangu imerudi. Changarawe ya kawaida, ile inayopiga gari kama mbao za ngazi, imetulia ukilinganisha na mwanzo. Ushongo, ng'ambo ya mto Pangani, tulishusha upepo hadi PSI 20 tukapita kwenye mchanga ambao zamani tungeomba kusukumwa. Bebeni pampu ndogo inayotumia umeme wa gari, la sivyo mtarudi lami na matairi yaliyolegea.

Udongo mwekundu uliolowa ni habari nyingine. Hapo sidanganyi mtu: A/T, ya kampuni yoyote, mifereji yake ikishajaa ule udongo wa Amani hakuna tena kashata, na malori ya huko juu hayavai minyororo kwa urembo. Mvua ikiwa kubwa gari langu linalala kijiji cha Kisiwani hadi asubuhi.

Kelele zipo. Ukipita 60 kwa saa unaanza kusikia mvumo, ndiyo asili ya kashata zote, na kwenye kabini isiyo na redio ya maana utauzoea kwa lazima. Gari likiwa tupu linarukaruka kuliko awali kwa sababu ubavu wa LT ni mgumu, na matairi ni mazito, kwa hiyo mafuta yameongezeka kidogo. Upepo nao usijaze kwa mazoea ya tairi la zamani. Mimi mbele naweka 32, nyuma 35 gari likiwa tupu na 45 likiwa na mzigo, na fundi wa pancha kila mara anataka kuongeza mpaka ile namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Ile ni kikomo, si agizo. Anza na kibandiko cha mlangoni kwa dereva, kisha tazama tairi linavyokula: likila katikati upepo umezidi, likila pembeni zote mbili umepungua, likila upande mmoja tu nenda kwenye alaimenti.

Bei haikuwa ya mchezo. Kila moja lilizidi laki nne, na mara matano pamoja na nauli ya basi, unaelewa kwa nini watu wanaishia kwenye mtumba. Nilipata mnunuzi wa yale mawili yaliyobaki ya zamani siku hiyo hiyo, mwenye kigari cha kwenda Raskazone na kurudi, na kwa kazi hiyo yatamfaa tu. 104 yake haina ubaya asipobeba mzigo.

Nina mpango wa kuongeza pikapu ya pili, itakayofanya Muheza na Tanga mjini kwenye lami, basi. Hiyo nitaivalisha 205R16C ya mistari, 8PR, isiyo na kashata hata moja, na tofauti ya bei italipia bima.