Waifai inakatika kila saa? Nunua hivi, na usianze na rauta

Kabla hujakimbilia Darajani, sokoni kwetu Unguja, kuchukua rauta mpya yenye antena sita kama nge, hebu ngoja kwanza. Mie nishafanya hivyo. Nyumbani waifai ilikuwa kila ikifika saa mbili usiku inakufa, inarudi, inakufa, nikasema hii rauta ishazeeka, nikatoa pesa ya maana nikachukua mpya, nikaja nikaifunga, na saa mbili usiku ikafa vile vile. Unajua kilikuwa nini? Adapta. Ile ya zamani ilishabanwa nyuma ya kabati na sikutaka kulisogeza kabati, nikaona pini inaingia basi nikaichomeka hiyo hiyo kwenye rauta mpya. Usiku mtaa mzima pasi, friji, pampu za maji, taa inakonyeza kidogo tu, na adapta ishachoka haivumilii, rauta inajizima na kujiwasha upya, na kila ikijiwasha ni dakika mbili tatu watu wananiangalia kama mie ndo shirika la umeme.

Kwa hiyo pima kwanza, haichukui hata robo saa. Chukua laptopu, ichomeke kwa waya kwenye rauta, si kwa waifai, fungua ile skrini nyeusi ya komandi uandike ping 192.168.1.1 -t (kwengine ni 192.168.0.1, kibandiko kilichopo chini ya rauta kitakwambia), halafu fungua ya pili uandike ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni seva ya Google huko nje), ziache zote mbili zinaenda wakati ule ule unaosumbuka. Ya rauta inajibu vizuri lakini ya 8.8.8.8 inakatika, ugonjwa uko nje ya nyumba. Zikikatika zote mbili, ni rauta au umeme wake. Zote mbili ziko safi lakini simu chumbani inazunguka tu, hapo ni waifai haifiki, yaani kuta.

Ugonjwa ukiwa nje ya nyumba, usinunue kitu. Kama una faiba na ile taa ya LOS ni nyekundu, mwanga haufiki kwenye kiboksi, waya umekatika au umekunjwa sana au kichwa kimeingia uchafu, piga simu kwa waliokuungia wakuletee fundi. Na mara nyengine hata fundi hana la kufanya. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika huko upande wa Afrika Kusini na huku tukakaa tunaangalia duara linazunguka, siku ile hata ungekuwa na rauta ya dhahabu.

Haya, sasa ununuzi, na mpangilio huu ni wangu.

Namba moja ni UPS ndogo ya rauta. Najua watu watashangaa, lakini kwa umeme wetu huu hakuna pesa iliyonifaa kama hii. Ni kiboksi kama powabenki nene, kinakaa baina ya adapta na rauta, umeme ukikatika au ukikonyeza rauta haijui. Angalia mambo mawili tu kabla hujalipa. La kwanza volti, geuza rauta usome, nyingi ni 12V na baadhi ni 9V, ukikosea unaiunguza. La pili ni hizo namba kubwa za mAh, yaani ujazo wa betri. Zile 10,000 mAh zinahesabiwa kwa betri ya 3.7V, kwa hiyo umeme halisi mule ndani ni kama 37 Wh, rauta ya kawaida inakula wati 7 au 8, toa kinachopotea njiani, unabaki na saa nne hivi, si siku nzima kama anavyokwambia muuzaji. Na kama una kiboksi cha faiba mbali na rauta mbali, vyote viwili vinataka umeme, kwa hiyo tafuta yenye matundu mawili ya kutolea. Jirani yangu kaiwekea rauta tu, umeme ukizimika waifai ipo imejaa hadi juu na intaneti haipo, anakuja kuniuliza mie! Sisi tuliokuwepo ule mwisho wa 2009, Unguja nzima giza karibu miezi mitatu kwa sababu ya ule waya wa umeme wa baharini, tunajua saa nne si kitu, lakini katikakatika ya kila siku inaimaliza.

Namba mbili, waya wa mtandao wa Cat6 na rauta yako ya zamani. Hii ni kwa wenye nyumba za Mji Mkongwe hasa. Shangazi yangu anakaa Malindi, ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, nene nusu mita na zaidi, rauta iko ukumbini na chumba cha pili tu simu inaonesha kijistari kimoja. Kule hata ununue rauta ya bei gani, yale masafa ya 5 GHz yanagonga ukuta yanaishia hapo, 2.4 GHz inajikongoja kidogo. Dawa yake ni kupitisha waya, juu dari ukafuate zinakopita nyaya za umeme lakini usizibane nazo pamoja, hadi ghorofa ya pili, halafu mwisho wake unachomeka ile rauta ya zamani uliyoitupa kabatini, unaigeuza kuwa akses pointi, yaani ya kutoa waifai tu, kwenye setingi unazima DHCP, ile inayogawa namba kwa simu na laptopu, na unaipa namba yake nyengine isigongane na ile kubwa. Waya unakwenda mpaka mita 100 bila tabu, nyumba gani hiyo inafika mita 100. Na usitoboe ukuta wa nje ovyo, mji ule umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000 na una mamlaka yake ya hifadhi, pita ndani.

Waya wenyewe nao una ujanja wake. Kuna zinazouzwa kama shaba kumbe ni aluminiamu imepakwa shaba, imeandikwa CCA. Kwangua kwa kisu, ukiona nyeupe ndani, rudisha. Hewa yetu ya chumvi hii, viungo vyake vinaharibika haraka na ukikunja mara mbili umekatika.

Namba tatu meshi, zile za viboksi viwili au vitatu vinavyozungumza vyenyewe. Nzuri, lakini kwa nyumba ya kisasa ya matofali, Fuoni, Kiembesamaki huko, au fleti za Michenzani. Nyumba ya mawe viboksi navyo havisikilizani, labda uviweke penye mlango wa mbao au ngazi ya katikati, au uviunge kwa waya, na ukishapitisha waya, rauta ya zamani ingetosha. Bei yake pia si ya mchezo.

Namba nne ndo rauta mpya, na hapa watu wanapigwa kweli kweli. Kuna zile za mtumba kutoka Uingereza, nzuri kwa macho, plagi yake ya pembe tatu inaingia kwenye soketi zetu, lakini nyengine zimetengenezwa kwa kampuni za kule na setingi zimefungwa, na nyengine ni za laini ya simu ya mezani, tundu lake dogo, faiba yako utaichomeka wapi? Tazama tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti, liwe la waya mpana wa kawaida. Kuhusu WiFi 6, yaani kizazi cha sita cha waifai, kama simu za nyumbani ni za zamani hazitaipata faida yake yenyewe, na kama bando lako ni Mbps 20 basi hata boksi liandikwe 3000 utapata 20 hizo hizo. Lakini kama nyumba ina watu wengi, TV, kamera, watoto, inasaidia kupanga foleni. Na kabla ya kununua jaribu kubadilisha chaneli ya 2.4 GHz, chagua 1, 6 au 11, mitaa ya Ng'ambo tumebanana, rauta zote zinapiga kelele chaneli moja. Hiyo ni bure.

Rauta ya laini, ya 4G, kwa mjini naiweka namba tano, ya akiba tu. Lakini yakhe ukiwa Micheweni kule Pemba au shamba ambako faiba haijafika, ipande iwe namba moja pamoja na UPS. Hakikisha haijafungwa mtandao mmoja, iwe na matundu ya kufungia antena ya nje, na uiweke dirishani upande wa mnara, usiifiche chini ya bati. Ndani ya setingi kuna RSRP, namba ya nguvu ya mawimbi ya mnara, ikiwa karibu na -80 uko vizuri, ikishuka kwenye -110 sogeza.

Ya mwisho kabisa, ekstenda, ile ya kuchomeka ukutani. Rahisi, ndo maana inauzika. Lakini nyingi zinasikiliza na kusema kwa redio hiyo hiyo moja, kwa hiyo spidi inakuja nusu, na watu wanaichomeka chumba ambacho waifai haifiki, sasa itarudia kitu gani? Iweke nusu ya njia kama lazima. Yangu haina kazi ya waifai mwaka wa tatu huu, taa yake ya kijani inapendeza, nimeifanya ya usiku chumba cha mtoto kabla hajaanza kuivuta vuta.