Nimeenda kuvua trauti mara mbili kutoka Malindi, Mei msijaribu

Mi nafanya kazi kwenye boti za kuvulisha watalii hapa Malindi kwa hiyo riziki yangu ni ya kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi samaki sulisuli wapo na simu haitulii, halafu kusi likiingia boti zinapandishwa na mi nabaki kucheza bao na kuhesabu madeni. Sasa kuna mteja aliniachia rodi yake ya flai, ile ya kuvulia kwa kinyoya, kama bakshishi, basi kichwa kikahamia huko bara kwenye mito ya baridi anakoishi samaki trauti.

Nilianza kujifunza kurusha pale ufukweni jioni. Ni kazi si mchezo, manake sisi tumezoea chubwi ndilo linavuta mshipi, huku ni kinyume, mshipi wenyewe ndio mzito na chambo ni kijinyoya kimefungwa uzi kwenye ndoana ndogo kama punje ya mchele. Nikarusha kikaninasa kwenye shati, mgongoni. Ami yangu alikuwa akishona nyavu pembeni, akanitazama wee, "Ati wavulia nyoya la kuku? Mwanangu, samaki wa kula nyoya huyo ana njaa ya wapi?" Nikamwambia ami huyu si samaki wetu, Wazungu walimleta kutoka Scotland 1905 wakamtia mto Gura kule Aberdare. Akasema basi ndio maana.

Safari ya kwanza nilibuki Mei, kwa vile ndio niko huru. Kampuni siitaji jina. Wakapokea dipoziti yangu elfu tano, wakanitumia picha za maji meupe pe, hakuna aliyenambia neno mvua. Matatu mpaka Mombasa, treni mpaka Nairobi, matatu tena mpaka Karatina, kufika mto Ragati umefura rangi ya Sabaki, mto wetu wa matope hapa Malindi, kabisa! Yaani nimesafiri kutwa kucha kufuata maji ambayo nimeyaacha nyumbani. Trauti anawinda kwa macho, na maji yale hata mkono wako huuoni, nani ataona kinyoya? Siku mbili sikuguswa. Nilipodai pesa yangu ofisini wakasema mvua ni ya Mungu. Ya Mungu kweli, lakini masika si siri, kila mwaka ni Machi mwishoni mpaka Mei na vuli ni Oktoba mpaka Disemba, mtu wa kuuza safari za mtoni asijue? Tulivutana kwenye simu wiki nzima ndio wakakubali kunisogezea mpaka Septemba.

Septemba sasa, wallahi ni mto mwingine. Unaona kila jiwe. Wenyeji wanasema Januari na Februari ndio tamu zaidi, jua na maji yametulia, lakini hiyo ni miezi yangu ya sulisuli, siwezi. Julai na Agosti mto uko sawa ila baridi na manyunyu ya Nyeri mtu wa pwani utalia. Kwa hiyo kama kazi yako ni ya baharini kama mimi, Septemba kabla vuli halijaanza ndio pa kupenyea.

Kijana aliyeniongoza namsifu sana. Kabla hata hatujafungua rodi aliingia mtoni akapindua jiwe, chini yake kumeganda vidudu vidogo vyeusi vinatambaa, akafungua kiboksi chake akatoa kinyoya kinachofanana navyo, akanambia chakula cha leo ni hiki. Akanifundisha trauti anaelekeza kichwa maji yanakotoka, kwa hiyo unamwendea kwa nyuma, umeinama, bila kishindo. Mi nilikuwa natembea kama nashuka boti. Gambuti zilijaa maji mara moja tu na miguu ikafa ganzi, chukueni ile suruali ya mpira inayofika kifuani, wanakodisha. Tulikuwa na renja mwenye bunduki pia, msitu ule una ndovu na nyati, msijifanye wajuaji.

Nilipata watatu. Wa kwanza alinishtua, kagonga kidogo tu kama mtu anakuvuta kanzu, halafu akaruka, ubavuni madoadoa na mstari wa waridi. Hata nusu kilo hakufika. Wadogo wawili tukawaachia, mmoja tulimchoma pale pale na chumvi peke yake, mtamu lakini nilitamani ndimu na pilipili.

Leseni ya kuvua hakikisheni ipo kabla ya kutoka nyumbani, mi mara ya pili niliwauliza mara tatu.

Mwongozaji nyota tano, ofisi nyota moja, nimeweka tatu. Ami nilimwambia mto ule unaingia Sagana, na Sagana ndio Tana, inamwaga Kipini hapo juu yetu. Akaniuliza sasa kwa nini hukumngojea hapo Kipini.