Pikipiki nyepesi ya kuingia nayo Chalbi: XR150L, KLX230 au CRF300L?

Mnaiona ilivyolala? Sijaanguka, jamani. Nimeilaza mwenyewe, makusudi kabisa, maana pikipiki ya jangwani mimi huanza kuipima ikiwa chini. Mambo ya mbio na nguvu za farasi tutayafikia baadaye.

Tazameni. Naigeuzia mgongo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye keria, halafu nasukuma kwa miguu. Haya, imesimama. Na hapo nimeshapumzika, nimekunywa chai. Huko ndani utaiinua mara ya saba kwa siku moja, saa nane mchana, glavu zimelowa jasho na kichwa kinakugonga, na hakuna wa kumwita.

Karibuni tena. Leo tuko nje kidogo ya Maikona, kaunti ya Marsabit, ukingoni mwa jangwa la Chalbi. Hii niliyoilaza ni Honda XR150L, kilo 130 hivi na mafuta yake. Wengi mmekuwa mkiniuliza mnunue ipi kati ya hii, Kawasaki KLX230 na Honda CRF300L, kwa safari za njia za mchanga huku kaskazini. Kuna na wanaoniuliza kuhusu KTM 350 EXC-F. Hiyo tuimalize sasa hivi: ni nyepesi kuliko zote hizi, na ni tamu, sikatai. Lakini kitabu chake cha huduma kinahesabu saa za injini, hakihesabu kilomita. Ni mashine ya mashindano yenye namba ya barabarani. Kama una fundi wako na gari la kukufuata, chukua. Kama huna, tuendelee.

Kabla sijafika mbali niwaambie nilivyojifunza kuhusu uzito. Mara yangu ya kwanza Chalbi nilikuja na pikipiki kubwa ya safari, zaidi ya kilo 200. Jina lake silitaji, kosa lilikuwa langu. Sakafu ya Chalbi ni ziwa lililokauka. Juu kuna ganda la chumvi, jeupe, gumu, unaliona kama saruji. Chini ya ganda, hasa wiki chache baada ya mvua, ni tope. Nilipita vizuri kama kilomita mbili, halafu ganda likakatika na pikipiki ikazama mpaka kwenye injini. Waliokuja kunitoa ni vijana wanne wa Kigabra waliokuwa wakichunga ngamia, kwa kamba ya ngamia. Walipomaliza, mmoja akaniuliza kwa upole kama pikipiki ile hubeba maji. Nikamwambia hapana. Akaitazama tu, akanyamaza.

Basi, hizi tatu. XR150L: injini ya cc 149, hupozwa kwa hewa, kabureta (kile kikombe kinachochanganya petroli na hewa), gia tano, starta ya umeme na kiki ya mguu. KLX230: cc 233, nayo hupozwa kwa hewa, ila mafuta yanaingia kwa injekta, yaani hupulizwa kwa pampu ya umeme, gia sita, haina kiki. CRF300L: cc 286, hupozwa kwa maji, injekta, gia sita, haina kiki pia. Uzito wao, KLX kilo 134 hivi, CRF kilo 142. Mtasema kilo 12 ni kitu gani. Rudini mkaangalie mwanzo wa video, halafu mfikirie mara ya saba.

Mafuta ndiyo nataka tukae nayo kidogo. Ukishaiacha Marsabit mjini, petroli unayoipata vijijini aghalabu ni ya chupa au jerikeni, na humo ndani kuna mchanga, kuna maji, wakati mwingine kuna mafuta ya taa. Mimi huyapitisha kwenye kitambaa kabla ya kutia. Bado uchafu hupita. Sasa oneni hapa chini ya kabureta. Skrubu hii, mnaiona? Nailegeza kwa bisibisi, bakuli linamwaga... hayo, oneni vitone vya maji vinavyokimbia peke yake ndani ya petroli. Nafunga, napiga kiki, tunaondoka. Dakika mbili. Kwa injekta, pampu imo ndani ya tangi, na ikishaziba, kazi yake si ya chini ya mti.

Injekta nayo ina haki yake. Mji wa Marsabit uko mlimani, karibu mita 1,300, na sakafu ya Chalbi iko chini ya mita 500. Injekta hujirekebisha yenyewe njiani. Kabureta asubuhi kule juu inaweza kukusumbua. Hilo nalivumilia.

Halafu tangi. KLX na CRF yao hayafiki lita 8. XR ina zaidi ya lita 10 na inakula kidogo. Kwangu lita moja hunipeleka kilomita 40 kwenye lami, na kwenye mchanga mzito huwa naishia kama 30. Kwa tangi la lita 7 na nusu ungelazimika kufunga jerikeni nyuma, na uzito wa nyuma mchangani ni balaa.

Joto sasa. Watu hudhani inayopozwa kwa maji ndiyo ya jangwani. Huku upepo unatoka kusini mashariki, na una nguvu kweli. Si bure waliisimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo kule karibu na Loiyangalani. Ukitoka hapa Maikona kwenda Kalacha au North Horr unaelekea kaskazini magharibi, yaani upepo uko mgongoni. Unakwenda kilomita 30 kwa saa, upepo nao unakufuata kwa mwendo huohuo, injini haipati hewa kabisa. Hapo ya hewa na ya maji zote zinaumia. Dawa ni kusimama na kuigeuza pikipiki itazame upepo, dakika kumi, unywe maji. Tofauti inakuja ukianguka kwenye mawe ya volkano: radieta ya maji hutoboka, mapezi ya kupoza injini hii yanapinda tu.

Kuhusu valvu za injini nitasema kwa ufupi. XR hurekebishwa kwa skrubu na nati, fundi yeyote wa bodaboda anaijua. CRF inatumia vijisahani vya chuma vya vipimo maalumu, ingawa tusiionee, hukaguliwa baada ya zaidi ya kilomita 20,000.

Lakini filta ya hewa, jamani! Safari iliyopita siku ya tatu nilipitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira unaoingia kwenye kabureta. Kilitoka na rangi ya kahawia. Nilikuwa mvivu, sikupaka grisi kwenye ukingo wa filta, vumbi likapita pembeni. Sasa nabeba filta ya pili safi ndani ya mfuko wa plastiki, na kwenye mdomo wa sanduku la hewa navalisha soksi ya kike. Cheni siipaki oili nyingi; ikichanganyika na mchanga inakuwa msasa.

Mabaya ya XR? Yapo. Gurudumu la mbele ni inchi 19, wenzake wana 21, na mchangani unalihisi linataka kuchimba badala ya kupanda juu. Shoki ni laini. Mtu wa kilo 100 atagonga chini kila shimo. Nguvu ni ndogo, kwa hiyo lazima ushike mwendo kabla ya mchanga, ukizubaa umekwama. Na sogeza kamera hapa kwenye rimu. Hii vali ya tyubu imeinama, mmeona? Nilishusha presha ya tairi mpaka psi 15, tairi likateleza juu ya rimu likaivuta tyubu. Kilomita chache zaidi ingekatika. Funga kile kibano cha ndani ya rimu kinachoshika tairi, au usishuke chini ya 20.

KLX230 ningemshauri mrefu, mwenye kutaka magurudumu sahihi tangu dukani, na asiyekwenda mbali na petroli safi. CRF300L ni ya yule atakayeendesha kutoka Nairobi mwenyewe, zaidi ya kilomita 500 za lami. Kwa XR hiyo ni adhabu ya mgongo, siwadanganyi. Yangu huipandisha lori la mbuzi linalorudi tupu kutoka Kiamaiko, soko la mbuzi la Nairobi. Unafika Marsabit asubuhi unanuka beberu, lakini tairi zako bado ni mpya.