Protini za tundu la kiini: zinazobaki langoni na zinazozama ndani

Utando wa kiini cha seli una matundu, na kila tundu limejengwa kwa aina 30 hivi za protini. Zinahesabiwa ukoo mmoja, ila tabia zinapishana mno.

Nup107 na wenzake ndio kiunzi. Zikishashika nafasi kwenye utando hazibanduki ovyo. Katika ubongo wa panya, baadhi ya protini za kiunzi zimeonekana kudumu zaidi ya mwaka bila kubadilishwa.

Nup98 ni habari nyingine kabisa. Ipo langoni ikichuja vinavyopita, lakini pia huachana na tundu ikaingia ndani ya kiini. Kwenye seli za inzi wa matunda imekutwa imeshikamana na jeni zilizo kazini, mbali kabisa na utando. Ikipunguzwa, jeni hizo nazo husomwa kidogo. Usomaji wa jeni ukizuiwa, mwendo wa Nup98 ndani ya kiini hupungua pia.

Kwangu hii ya pili ndiyo ya kufuatiliwa zaidi, kwa sababu ya wagonjwa. Jeni yake ikikatika na kuungana na nyingine, mfano HOXA9, huzaliwa protini chotara inayoziacha jeni za ukuaji zikiwaka wakati zilipaswa kuzimwa, na seli changa za damu huelekea kwenye saratani kali.